Mjenzi na Mwenye Nyumba: Ufundi wa Makazi baina ya Ruiru na Thika katika Historia na katika Fasihi

Utangulizi

Kiswahili kinatofautisha nyumba na nyumbani kwa silabi moja tu. Kiambishi -ni, ambacho wanasarufi hukieleza kuwa ni alama ya mahali, hapa kinafanya kazi kubwa kuliko hiyo. Asemaye kwamba anakwenda katika nyumba hakusema sawa na asemaye kwamba anakwenda nyumbani. Nyumba yaweza kuwa ya mtu yeyote; nyumbani ni pa mtu fulani, wala si lazima kutaja ni pa nani. Tunacho kitenzi cha kujenga nyumba, na vya kuiezeka, kuikandika, kuisiriba na kuibomoa. Kitenzi cha kujenga nyumbani hatuna. Basi silabi ile hutoka wapi? Huongezwa na fundi aliyeijenga, na tajiri aliyeigharimia, au na mtu anayelala ndani yake?

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika eneo dogo: ardhi iliyo baina ya Ruiru na Thika, ambapo Kalimoni, Juja na mto Ndarugu zimo katikati. Eneo hili lina faida moja kwa mwanafunzi wa fasihi. Katika muda usiozidi miaka 60 zilijengwa hapa na katika jirani zake nyumba za aina mbalimbali mno, na karibu kila aina iliacha kitabu nyuma yake. Upande mmoja wa uwanda ulikuwa mpaka wa mashamba ya Wagikuyu; upande wa pili ulikuwa malisho ya Wamaasai na njia za Wakamba. Baada ya Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1902, na hasa ile ya mwaka 1915 iliyowapa walowezi mikataba ya miaka 999, eneo lote likawa mashamba ya mkonge na kahawa. Kwa hiyo mtu anayeuliza jinsi nyumba inavyogeuka kuwa nyumbani hawezi, mahali hapa, kuliuliza swali hilo kana kwamba ni la mapazia na rangi za ukuta. Ni swali la ardhi pia. Hata hivyo nitajaribu kuonyesha kwamba si la ardhi peke yake, na kwamba wahakiki wetu, kwa kukimbilia ardhi na taifa, wameruka jambo lililokuwa mbele ya macho yao: mkono wa fundi.

Nyumba ya siku moja

Maelezo mashuhuri zaidi ya ujenzi wa nyumba ya Kigikuyu yamo katika kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa London mwaka 1938. Kwa mujibu wa Kenyatta, nyumba ilikuwa ya kujengwa na kuhamiwa katika siku moja. Vifaa vilikusanywa mapema. Ndugu na marafiki wakaalikwa. Wanaume wakakata miti na kusimamisha kiunzi, wanawake wakaleta nyasi za kuezekea, na mwenye kazi akawakirimu watu pombe na chakula. Jua lisitue nyumba ikiwa haijakamilika, kwa hofu kwamba nguvu nyingine zisizotakiwa zingetangulia kuingia na kufanya makao. Moto uliingizwa siku ile ile.

Tuutazame mpango wake wa ndani. Mwanamume alikuwa na thingira, nyumba ya kupokea wageni na kuzungumza. Mke alikuwa na nyũmba yake, na neno hilo msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Katikati ya nyumba hiyo palikuwa na mafiga matatu. Kando palikuwa na kitanda cha mama, mahali pa kulala wasichana, ghala dogo, na sehemu ya mbuzi anayenoneshwa. Hakuna ukuta wa matofali uliogawa sehemu hizo. Ziligawanywa na nguzo, na vizuizi vyepesi, na zaidi ya yote na adabu: kila mmoja alijua anapopaswa kuketi na asipopaswa kupita. Ramani ya nyumba ilikuwa katika vichwa vya wakaazi kabla ya kuwa juu ya udongo, na ndiyo maana iliwezekana kujengwa kwa siku moja. Fundi hakuwa na haja ya kumuuliza mwenye nyumba anataka nini.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Kenyatta aliandika akiwa London, mwanafunzi wa Malinowski, na mjumbe wa watu waliokuwa wakidai ardhi yao. Nyumba anayoichora ni hoja. Ni nyumba ya jamii isiyo na fundi wa kulipwa, isiyo na mpangaji, isiyo na ugomvi. Mke ana nyumba yake lakini uwanja uliomo nyumba hiyo ni wa ukoo wa mumewe, na habari ya mjane au ya mke aliyefukuzwa haimsumbui mwandishi wetu sana. Lakini tukiisha kupunguza chumvi ya hoja, linabaki jambo la maana. Katika utaratibu huu mjenzi na mkaazi hawatengani. Wanaojenga leo kwa fulani watajengewa kesho na fulani huyo, na silabi ya -ni inaingia pamoja na moto, kabla ya usiku.

Msomaji wa Kigikuyu ataongeza kwamba nyũmba ni ukoo pia, na kwamba Wagikuyu wote hujiita nyumba ya Mumbi, jina lenye maana ya mfinyanzi au muumbaji. Wanaisimu watatuonya kwamba kufanana kwa sauti baina ya nyumba na kuumba si ithibati ya unasaba wa maneno. Na watuonye. Wasimulizi hawakuwahi kusubiri ruhusa ya wanaisimu.

Jumba la Juja

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872, akarithi mali nyingi, na mwanzoni mwa karne ya 20 akajipatia shamba kubwa katika uwanda huu. Jina la Juja lenyewe husimuliwa kuwa latokana na sanamu mbili za Afrika Magharibi, Ju na Ja, ambazo McMillan alizileta na kuzifukia ardhini. Siwezi kuuthibitisha ukweli wa kisa hicho, lakini kinafaa kutajwa, maana ni kisa cha mtu aliyehisi kwamba mawe na mbao havitoshi, na kwamba mahali pageni panahitaji kitu kifukiwe ndipo pawe pake. Mgikuyu aliingiza moto. McMillan, kama wasemavyo, alizika miungu ya watu wengine.

Theodore Roosevelt, rais wa Marekani aliyekuwa amemaliza muda wake, alifikia Juja mwezi wa Mei 1909 katika safari yake ya uwindaji, na katika African Game Trails, kitabu cha mwaka 1910, ametuachia picha ya jumba hilo. Lilikuwa la orofa moja, karibu na makutano ya mto Nairobi na mto Ruiru, limezungukwa na baraza pana lililotiwa kivuli na mimea itambaayo. Pembeni palikuwa na majengo mengi ya kazi, na mbele ya jumba palikuwa na bustani ya maua iliyotunzwa vizuri. Roosevelt anawataja Wagikuyu waliokuwa wakiitunza. Anataja kwamba hawakutabasamu, na neno alilowaitia halistahili kurudiwa hapa. Majina yao hakuyataja.

Sentensi hiyo moja ya Roosevelt, kwa maoni yangu, ina thamani kwa mwanahistoria wa nyumba kuliko kurasa zake zote za viboko na chui. Inatuambia kwamba unyumbani wa Juja ulikuwa kazi ya kila siku. Bustani ya Kizungu katika uwanda wa nyasi kavu haikai yenyewe. Huomba maji kila jioni, na mkono wa kupalilia. Baraza lile la kivuli, ambapo mgeni aliketi na kujiona amefika kwa mwenyeji, lilikuwa limejengwa na watu, na mimea ile ilikuwa imeelekezwa juu ya nguzo na watu. Wenye kuifanya Juja ipendeze walikuwa palepale, wakionekana, wakiwa wameinama. Kitabu kinawaona jinsi kinavyowaona wanyama wa uwanda, pengine kwa makini kidogo.

Tusisahau pia mafundi wa upande mwingine wa bahari. Reli ya Uganda, iliyojengwa baina ya mwaka 1896 na 1901, ilileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Uhindini, na maelfu miongoni mwao walibaki. Waashi na maseremala wa Kipunjabi, ambao Waswahili waliwaita Makalasinga, ndio waliokuwa na utaalamu wa mawe ya kuchongwa na mbao za kuunganishwa katika miji iliyofuata njia ya reli, Thika ikiwa mmojawapo baada ya reli kufika huko mwaka 1913. Katika vitabu vya walowezi wanapita haraka, bila jina, wamebeba msumeno. Hata Kenyatta hana nafasi kwao.

McMillan alikufa mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk unaoonekana kutoka uwandani. Mjane wake alijenga maktaba ya ukumbusho mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kwa hiyo Mgikuyu aliyetunza maua ya Juja, hata kama angejua kusoma, asingeruhusiwa kuingia katika jengo la bwana wake huyo kusoma alivyoandikwa na Roosevelt.

Nyumba ya nyasi

Kitabu kinachojulikana zaidi kuhusu nyumba katika eneo hili ni The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959. Mwandishi alifika Thika akiwa mtoto mwaka 1913 pamoja na wazazi wake, ambao kitabuni wanaitwa Robin na Tilly, waliokusudia kulima kahawa. Wasomi wa Kiafrika wamekihukumu kitabu hiki kwa ukali, na hukumu yao si ya uonevu. Lakini kuna jambo ambalo Huxley analiona na Roosevelt hakuliona. Nyumba ya kwanza ya familia yake ilikuwa ya nyasi, na waliojenga walikuwa Wagikuyu, na mtoto yule aliwatazama.

Hapa ndipo ufundi wa aina mbili ulipokutana. Mlowezi alitaka pembe, vyumba vilivyopangwa kwa mstari, madirisha. Mjenzi alikuwa bingwa wa duara. Kilichotoka ni nyumba isiyokuwa ya huyu wala ya yule: umbo la Uingereza katika nyasi za Thika. Ndani yake viliwekwa vitu vilivyosafiri kwa meli na kwa mkokoteni wa ng'ombe. Anayekisoma kitabu kwa makini ataona kwamba mama yule anafanya unyumbani kwa kupanga vitu, ilhali wajenzi wake wameufanya, kwa kuta na paa, kabla hajaanza kupanga. Huxley anaukaribia ukweli huu, halafu anaucheka. Fundi anabaki mhusika wa kuchekesha. Hata hivyo ni mhusika. Ana maoni, anakataa jambo, anafanya kwa njia yake mwenye shamba akigeuka. Mhakiki asiyeona tofauti hiyo baina ya Huxley na Roosevelt anasoma siasa ya waandishi tu, hasomi sentensi zao.

Mfano wa pwani utatusaidia kupima jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate upana wa chumba uliamuliwa na boriti: mikoko haikuweza kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, basi vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka daka na kiwanda hadi msana, hadi ndani, hadi nyumba ya kati ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa. Mafundi walijibu ufinyu huo kwa chokaa: wakachonga zidaka katika ukuta wa ndani, safu juu ya safu, ili jicho lipate kwenda pale ambapo mguu hauwezi. Neno sakafu lenyewe limegeuzwa na ujenzi huo. Kwa Kiarabu ni paa, kwetu ni pa kukanyagia, kwa sababu paa la chini ndilo lililokuwa chini ya miguu ya aliye juu. Na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotaka kuomboleza fahari ya Pate katika Al-Inkishafi, hakuhesabu vita wala sultani tu. Aliingia katika nyumba, akazitazama kumbi na zidaka zilizoachwa tupu. Alijua kwamba msiba wa mji huonekana katika kazi ya fundi isiyokuwa na mtu wa kuitazama.

Pwani, kwa hiyo, fasihi ilijua jina la kila sehemu ya nyumba. Katika uwanda wa Juja nyumba zilikuwa na waandishi ambao hawakuwa na lugha ya wajenzi. Hilo ni tatizo la fasihi kabla ya kuwa la siasa.

Laini na vijiji

Walioishi Kalimoni na viunga vyake wakati wa mkonge na kahawa hawakuishi katika jumba wala katika nyumba ya siku moja. Wengi waliishi katika laini, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, au walikuwa maskwota waliojenga vibanda vyao juu ya ardhi ya mlowezi kwa masharti ya kumfanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwafunga kwa siku za kazi, na ile ya mwaka 1937 ikazidi kuwakaza. Skwota alijenga kwa mikono yake, pengine kwa ufundi ule ule ambao Kenyatta anausifu, lakini nyumba yake ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika karatasi ya mtu mwingine. Sijui kama kuna msiba wa ufundi kuliko huo: kujua kujenga vizuri, na kujua kwamba ukijenga vizuri mno umepoteza.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia mwezi wa Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wagikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja na kuwaingiza katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Nyumba za zamani zilivunjwa au kuteketezwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kumbukumbu yake ya mwaka 2012, In the House of the Interpreter, anasimulia jinsi alivyorudi Limuru mwaka 1955 baada ya muhula wake wa kwanza katika shule ya Alliance, akakuta kwao hapapo. Hakukuta nyumba iliyoharibika, alikuta mahali. Ikambidi aulize njia ya kwenda nyumbani, akaelekezwa kwenye kijiji ambacho hakuwahi kukiona.

Hapo kiambishi chetu kinakatika. Nyumba mpya ipo, tena imejengwa kwa mikono ya mama yake mtu, na nyumbani hapapo. Na vibanda vile vilijengwa na wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa msituni, kizuizini au wamekufa. Kazi ambazo zamani ziligawanywa, mti kwa mume na nyasi kwa mke, sasa ziliangukia mikono ile ile. Katika A Grain of Wheat, riwaya ya mwaka 1967, Mumbi anamsimulia Mugo jinsi yeye na mama mkwe wake Wangari walivyohangaika na kibanda kipya huku nyumba yao ya zamani ikichomwa. Ninaona ajabu kwamba tahakiki nyingi za riwaya hiyo hulipita simulizi hili mbio ili kufika kwenye usaliti wa Mugo. Mumbi hazungumzii usaliti hapo. Anazungumzia paa.

Kigoda cha Gikonyo

Gikonyo wa riwaya hiyo ni seremala. Wahakiki wamemtaja hivyo mara nyingi, kama mtu atajavyo kabila au umri wa mhusika, bila kuuliza useremala wake unafanya kazi gani katika hadithi. Mimi nadai kwamba unafanya kazi yote.

Penzi lake na Mumbi linaanza kwa mpini. Mumbi anampelekea panga la kutiwa mpini, na Gikonyo anaufanya kwa uangalifu usiolingana na thamani ya panga. Anapokuwa kizuizini, kwa miaka, anafikiria kumchongea kigoda cha harusi ambacho hakuwahi kumpa. Anapanga umbo lake akilini, anachagua mti, anachora sanamu za kubeba kiti. Anaporudi anamkuta mkewe ana mtoto wa Karanja. Basi anajitupa katika biashara, anakuwa mtu wa fedha na heshima, na ndani ya nyumba yake anaishi kama mpangaji. Nyumba ina mama, ina mke, ina chakula, na mwenye nyumba hazungumzi na mkewe. Kigoda hakichongwi.

Mwishoni, akiwa kitandani hospitalini na mkono uliovunjika, Gikonyo anarudia wazo la kigoda, na analibadilisha: sanamu ya mwanamke sasa itakuwa na mimba. Wahakiki wameiona ishara hiyo na wameieleza vya kutosha kuwa ni taifa linalotarajia kuzaliwa. Sikatai. Lakini hebu tukitazame kigoda kama kigoda. Ni kifaa cha kukalia. Katika nyumba ya Kigikuyu kilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyomwonyesha mtu mahali pake: mwenye kigoda ana pa kuketi, na asiye nacho anasimama au anakaa chini. Gikonyo anapofikiri kumchongea Mumbi kigoda anafikiri kumpa mahali katika nyumba ambamo amemnyima mahali. Na tazama kwamba anafikiri kwa lugha ya fundi. Hasemi kwamba amesamehe. Anafikiria jinsi ya kubadilisha umbo. Fundi mwenye mkono uliovunjika, anayepanga kazi ambayo hawezi bado kuifanya, ni picha ya uaminifu zaidi kuliko hotuba yoyote ya Uhuru iliyomo kitabuni.

Nyumba ya Matigari

Riwaya ya Matigari ma Njirũũngi ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1986. Ngũgĩ, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, amesimulia jinsi uvumi wa mtu aitwaye Matigari, anayezunguka akiuliza habari za ukweli na haki, ulivyowafikia wakuu wa serikali, wakaamuru akamatwe, na walipogundua kuwa ni mhusika wa kubuni, kitabu kikakamatwa madukani mwaka 1987. Kisa hicho kinapendwa sana na wahadhiri, nami nakikumbusha kwa sababu moja. Serikali haikukosea sana. Mtu yule alikuwapo. Alikuwa katika kila laini na kila kijiji cha eneo hili.

Matigari anatoka msituni, anavaa mshipi wa amani, na anakwenda kudai nyumba. Anaidai kwa hoja sahili: ni yeye aliyeijenga. Settler Williams aliimiliki, John Boy akamtumikia Williams, na sasa wana wao ndio walioishikilia. Matigari hana hati. Ana kumbukumbu ya kazi. Njiani anakutana na watoto waliofanya makao katika mabovu ya magari yaliyotupwa, na mmoja wao, Muriuki, anaishi ndani ya gari lililokuwa la kitajiri. Ni picha ya kuchekesha na ya kuumiza: watoto hao, kwa vipande vya bati na viti vilivyochakaa, wamefanya kile ambacho mabwana wa jumba hawajakifanya, wamepageuza pasipo nyumba pakawa nyumbani.

Usomaji uliozoeleka wasema: nyumba ni Kenya, mjenzi ni mfanyakazi, mwenye nyumba ni beberu na kibaraka wake. Usomaji huo ni sahihi, na Ngũgĩ mwenyewe asingeupinga. Kasoro yake ni kwamba unaharakisha kutoka ndani ya nyumba. Mtu akiisha kusema kwamba nyumba ni Kenya, hana haja tena ya kuuliza ilijengwa vipi. Nami nimejaribu kuonyesha kwamba maili chache kutoka Kalimoni lilikuwapo jumba halisi, lenye baraza na bustani, ambalo wajenzi na watunzaji wake waliandikwa bila majina katika kitabu mashuhuri cha mwaka 1910. Sidai kwamba Ngũgĩ alikuwa na jumba la Juja akilini. Majumba ya aina hiyo yalijaa Limuru na kwingineko. Nadai kwamba istiara yake ina sakafu, na sakafu hiyo ilisiribwa na watu. Anapodai nyumba kwa sababu ameijenga, Matigari hasemi kwa mafumbo kwanza. Anasema kama fundi asiyelipwa.

Na hapa pana ugumu ambao riwaya haiutatui. Nyumba ya Matigari inateketea kwa moto. Wanaoshangilia wanashangilia kwa haki, lakini kinachoungua ni kazi ya mikono ya shujaa. Kenyatta alituambia kwamba moto ulioingizwa ndani ndio ulioifanya nyumba ikamilike. Wakoloni waliuweka moto juu ya paa. Ngũgĩ anauweka moto huo huo mikononi mwa walionyimwa, na hatuelezi Matigari, kama fundi, alihisi nini alipoona nguzo alizozisimamisha zikianguka. Gikonyo angetuambia.

Mawe ya Ndarugo

Siku hizi Kalimoni ni wadi katika eneo bunge la Juja, na mashamba ya mkonge yamekatwa viwanja. Barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, pamoja na chuo kikuu kilichopata hadhi hiyo mwaka 1994 katika ardhi iliyotolewa na Kenyatta, zimeleta wapangaji wengi na majengo marefu ya vyumba vya kukodi. Chini ya udongo wa eneo hili pana jiwe la volkano, la kijivu, lililo laini vya kutosha kukatwa kwa mashine, na mafundi wa Nairobi nzima huliita jiwe la Ndarugo. Hutoka machimboni limenyooka pande zote, tayari kupangwa. Wenye kujenga hulipenda kwa sababu uso wake ni safi, na wengine hawalipigi plasta kwa nje, wakaacha viungo vya saruji vionekane kama mistari ya daftari.

Jiwe hili limebadilisha kazi ya mwashi. Aliyechonga jiwe kwa patasi na nyundo aliacha alama yake juu ya kila uso, na mjuzi aliweza kutofautisha mkono na mkono. Jiwe la mashine halina mkono. Ufundi umehamia katika vitu vidogo: unene wa kiungo, unyofu wa timazi, pembe ya ukuta, mahali pa dirisha kuhusiana na jua la mchana. Kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku huyajua hayo na hana pa kuyaandika. Anapanga jiwe, anatazama pima maji, anagonga kwa mpini wa mwiko, anapanga jingine. Jioni anavuka barabara kurudi katika chumba alichopanga, katika jengo la mawe yale yale, ambalo huenda alilijenga mwaka uliopita; na mwisho wa mwezi hulipa kodi.

Katika vyumba hivyo, ambavyo vyote vimetoka katika ramani moja, nimeona kwamba kila mpangaji hufanya jambo lile lile la kwanza. Kabla ya kitanda, kabla ya pazia, hutafuta pa kuweka jiko.